Cherry Kearton, Mwindaji wa Kamera

1. Ndege tunaowaona kila siku

Ndugu msomaji, mkulima hahitaji kufundishwa habari za kuwapo kwa ndege. Mtama unapoanza kushika punje, ndege huja makundi kwa makundi. Watoto na wazee hukaa shambani toka alfajiri wakiamia. Hupiga kelele, hupiga madebe, hurusha mawe kwa teo. Vijana nao huwawinda ndege kwa manati, kwa mitego na kwa ulimbo. Basi wengi wetu tunamjua ndege kwa njia mbili tu. Ndege ni mwizi wa nafaka, au ndege ni kitoweo.

Lakini iko njia ya tatu. Wako watu wanaomtazama ndege kwa sababu wanapenda kumjua. Humtazama rangi yake, mdomo wake na jinsi anavyoruka. Husikiliza mlio wake. Humpiga picha, huandika jina lake daftarini, kisha humwacha aende zake. Watu hao hawalipwi. Hiyo ndiyo burudani yao wakati wa mapumziko. Wengine hufunga safari kutoka nchi za mbali na kuja Afrika Mashariki kwa ajili ya ndege tu. Tanzania peke yake ina aina zaidi ya 1,100 za ndege.

Zamani njia hiyo ya tatu haikujulikana na wengi. Mmoja wa watu walioifungua alikuwa Mwingereza aliyeitwa Cherry Kearton. Alizaliwa kijijini, mtoto wa mfugaji wa kondoo. Hakupata elimu ya juu. Lakini picha zake zilijulikana katika nchi nyingi, na alifika hata huku kwetu. Hizi ni habari za maisha yake. Pia ni habari za kaka yake, Richard, kwa sababu mwanzoni ndugu hawa wawili walifanya kazi pamoja kama mikono miwili ya mtu mmoja.

2. Watoto wa mfugaji

Cherry Kearton alizaliwa tarehe 8 Julai, 1871, katika kijiji cha Thwaite. Kijiji hicho kiko katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Kimo bondeni, na juu yake kuna vilima vyenye upepo na miti michache. Wakati wa baridi theluji huanguka. Nyumba za huko hujengwa kwa mawe, na hata nyua za malisho hujengwa kwa mawe.

Richard alimzidi Cherry miaka tisa. Alizaliwa mwaka 1862. Watoto hao walikwenda shule katika kijiji jirani cha Muker. Baada ya shule walichunga kondoo na kuzunguka vilimani. Huko walijifunza mambo ambayo hayakuwamo katika vitabu vyao. Walijua ndege gani hujenga kiota ardhini na ndege gani hujenga mtini. Walijua mlio wa kila mmoja.

Siku hizo vijana wengi wa Uingereza walikuwa na mchezo wa kukusanya mayai ya ndege. Hawakuyakusanya ili wale. Yai lilitobolewa tundu dogo, na vilivyomo ndani vikapulizwa nje. Ganda tupu likawekwa katika kasha lenye pamba. Mtu akiwa na makasha mengi alijivuna mbele ya wenzake. Aliyepata yai la ndege adimu alisifiwa zaidi. Matokeo yake yalikuwa mabaya. Kadiri ndege alivyopungua, ndivyo watu walivyozidi kulitafuta yai lake.

Richard naye alitafuta viota. Alipokuwa mtoto alipanda mti kutafuta kiota, akaanguka, akaumia nyonga. Hakupona vizuri. Tangu siku hiyo alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake.

Wataalamu wa ndege nao hawakuwa tofauti sana na vijana wale. Mtaalamu akitaka kumjua ndege, alimpiga risasi. Kisha alimchuna, akaijaza ngozi pamba, akaipeleka kwa mchoraji. Picha nyingi za vitabuni zilichorwa kwa kutazama ndege waliokufa. Tena wanawake wa mijini walivaa kofia zenye manyoya ya ndege, na ndege wengi waliuawa kwa biashara hiyo. Mwaka 1889 baadhi ya wanawake wa Uingereza walianzisha chama cha kupinga biashara ya manyoya. Lakini watu wengi waliona kuua ndege ni jambo la kawaida.

3. Mlio uliompa mtu kazi

Mwaka 1882 Richard alikuwa kijana wa miaka 20. Mgeni mmoja kutoka London alifika vilimani kuwinda ndege wa jamii ya kwale. Mgeni huyo alitoka katika jamaa ya wenye kampuni ya kuchapa vitabu iitwayo Cassell. Richard alimwonyesha ufundi wake. Aliiga mlio wa ndege wale, na ndege wakamjia karibu. Mgeni alistaajabu. Aliona kwamba kijana huyu kilema ana maarifa ambayo watu wa mjini hawana. Akampa kazi katika kampuni yao.

Hivyo Richard alihamia London. Miaka kadhaa baadaye Cherry alimfuata, naye akapata kazi katika kampuni ile ile. Sasa ndugu hao walikaa mjini, katika moshi na kelele. Siku za kazi walishinda ofisini. Siku za mapumziko walikwenda kandokando ya mji, mahali penye vichaka na mashamba, kuwatazama ndege.

Mwaka 1890 Richard alitoa kitabu kidogo juu ya viota, mayai, na jinsi ya kukusanya mayai. Maana yake ni kwamba hata yeye, aliyewapenda ndege kuliko watu wengi, bado aliwafundisha wasomaji wake desturi ile ya zamani. Mtu huweza kukipenda kitu na bado akakiharibu, kwa kuwa hajaona njia nyingine.

4. Picha ya kiota

Njia nyingine ilipatikana tarehe 10 Aprili, 1892. Siku hiyo ndugu hao walikuwa karibu na Enfield, kaskazini ya London. Richard aliona kiota cha ndege mmoja mwimbaji, mwenye madoadoa kifuani. Ndani yake mlikuwa na mayai. Cherry alikuwa na kamera ya bei rahisi. Richard alimwomba ndugu yake akipige picha kiota kile.

Cherry akapiga. Picha ilipotoka, Richard aliitazama kwa muda mrefu. Kila jani na kila unyasi ulionekana. Mayai yalionekana yalivyolala. Hakuna mchoraji aliyeweza kuchora kwa usahihi namna ile. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba mayai yenyewe yalibaki kiotani. Mama ndege angeweza kurudi na kuyaatamia.

Hapo Richard alipata wazo. Kwa nini wasitengeneze kitabu kizima kwa njia hiyo? Wangetafuta viota vya ndege wa nchi yao, kimoja baada ya kingine, na kuvipiga picha pale pale vilipo. Wakagawana kazi. Richard angetafuta ndege, angewatambua na kuandika maelezo. Cherry angepiga picha.

Walifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu, kwa fedha zao na kwa siku zao za mapumziko. Mwaka 1895 kitabu kilitoka. Kilihusu viota vya ndege wa Uingereza, na picha zake zilikuwa za kamera. Kitabu cha namna hiyo hakikuwa kimeonekana kabla ya hapo. Watu walikipenda sana.

5. Uzito wa kazi

Siku hizi mtu hutoa simu mfukoni na kupiga picha mara moja. Wakati wa Cherry haikuwa hivyo. Kamera yake ilikuwa sanduku kubwa la mbao. Ilisimama juu ya miguu mitatu ya miti. Ndani yake hakukuwa na filamu, bali kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Kila picha moja ilihitaji kioo kimoja. Vioo ni vizito, na vikianguka huvunjika. Kazi ya siku nzima huweza kupotea kwa kujikwaa mara moja.

Tena kioo kile kilihitaji mwanga mwingi. Ndege akitikisa kichwa, picha iliharibika. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi ili kuona ndani ya kamera, kisha akangoja. Huenda akangoja saa nyingi na asipate kitu.

Viota vingine vilikuwa juu mitini. Cherry alisimama mabegani mwa kaka yake, au walirefusha miguu ya kamera kwa miti mirefu. Viota vingine vilikuwa katika magenge ya pwani, juu ya bahari. Huko walifunga kamba juu ya genge, na mtu akashushwa akiwa na kamera yake. Richard naye alishuka, pamoja na mguu wake mbovu.

Mwaka 1896 walivuka bahari mpaka visiwa vya St Kilda, mbali sana upande wa magharibi ya Skotilandi. Watu wa visiwa hivyo walikuwa wachache, na maisha yao yalitegemea ndege wa baharini. Walikula nyama na mayai yao, walitumia mafuta yao, na manyoya waliyauza. Wanaume wa huko waliteremka magenge marefu kwa kamba tangu ujana wao. Ndugu wawili waliwapiga picha watu hao wakiwa kazini. Mwaka 1930 watu wa mwisho wa visiwa hivyo, 36 kwa hesabu, walihamishwa kwa sababu maisha yalikuwa magumu mno. Leo picha kama zile zinasaidia kuonyesha jinsi walivyoishi.

6. Ng'ombe asiyekula majani

Kupiga picha kiota ni rahisi kuliko kumpiga picha ndege mwenyewe. Kiota hakikimbii. Ndege akimwona mtu huruka. Akikaa mbali na kiota kwa muda mrefu, mayai hupoa na makinda hufa. Kwa hiyo ndugu hawa waliona kwamba ni lazima wajifiche. Walijificha ili wapate picha nzuri, lakini pia walijificha ili wasiwadhuru ndege.

Walitengeneza gogo la mti la bandia. Lilikuwa na ngozi ya kitambaa kilichopakwa rangi ya gome la mti. Mtu alisimama ndani yake, na kamera ilitazama nje kupitia tundu dogo. Walitengeneza pia jiwe la bandia, na hata kondoo.

Lakini kilichojulikana zaidi ni ng'ombe maksai wa mwaka 1900. Walichukua ngozi ya maksai mzima, wakaivalisha juu ya fremu ya mbao. Ndani aliingia mtu na kamera. Ndege wa malishoni wamezoea kuwaona ng'ombe. Hawamwogopi ng'ombe aliyesimama kimya. Basi maksai huyo alipelekwa malishoni, akasimamishwa karibu na kiota, na mpiga picha akangoja ndani akiwa ameinama.

Kazi hiyo ilichosha. Ndani mlikuwa na joto, na mtu hakuweza kujinyoosha. Siku moja mmoja wa ndugu alizirai humo ndani. Maksai akaanguka chali, miguu yote minne ikaelekea juu. Mwenzake alipokuja kumtazama alikuta hali hiyo. Wanasimulia kwamba kabla ya kumtoa ndugu yake, aliipiga kwanza picha. Picha hiyo ya maksai aliyepinduka imewachekesha watu mpaka leo.

Wapiga picha wa ndege hutumia hila nyingine pia. Watu wawili huenda pamoja mpaka mahali pa kujificha. Mmoja huingia ndani, na mwingine huondoka akionekana wazi. Ndege huona mtu ameondoka. Huwa hatambui kwamba waliokuja walikuwa wawili. Baada ya muda mfupi hurudi kwenye kiota chake bila hofu.

Katika mwaka huo huo wa 1900, Cherry alifanya jambo jingine jipya. Alichukua mashine ya kunasa sauti katika nta, akanasa sauti za ndege wakiimba porini. Tangu hapo sauti ya ndege ingeweza kusikika nyumbani bila kumtia ndege kizimbani.

Ndugu hao walikuwa na sharti moja. Picha zao ziwe za kweli. Hawakutaka kumchukua ndege aliyekufa, kumjaza pamba, kumweka juu ya tawi na kudanganya watu kwamba yu hai. Ng'ombe wao alikuwa wa bandia, lakini ndege wao walikuwa wa kweli.

7. Safari ya Afrika Mashariki

Baada ya miaka michache kila ndugu alishika njia yake. Richard aliendelea kuandika vitabu. Pia alizunguka mijini akitoa mihadhara na kuonyesha picha ukutani kwa taa. Cherry alivutwa na senema, yaani picha zinazokwenda. Mwaka 1908 alipanda chombo kinachoelea angani kwa hewa nyepesi, akapiga senema ya mji wa London kutoka juu.

Mwaka 1909 Cherry alikuja Kenya. Alitaka kupiga picha za wanyama wakubwa wakiwa porini. Siku hizo Wazungu wengi waliokuja huku walikuja na bunduki. Mwaka huo huo alikuja Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa amemaliza kazi ya urais wa Marekani. Roosevelt na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512 katika safari yao. Wengi wa wanyama hao walipelekwa katika nyumba za makumbusho za Marekani.

Cherry alikutana na Roosevelt huku Kenya, akampiga senema. Senema hiyo ilionyeshwa Ulaya na Marekani mwaka 1910. Hivyo katika nchi moja, katika mwaka mmoja, zilikuwako namna mbili za uwindaji. Mmoja alirudi kwao na ngozi na pembe. Mwingine alirudi na picha, na wanyama aliowapiga picha walibaki wakila majani.

Tusisahau jambo moja. Safari za namna hiyo zilitegemea wapagazi na viongozi wa njia Waafrika. Wao ndio waliobeba kamera, vioo, mahema na chakula. Wao ndio waliojua maji yako wapi na wanyama wanapita wapi. Bila watu hao wageni wasingefika popote.

8. Wakati wa vita

Mwaka 1914 vita kuu ilianza Ulaya, na ikafika huku. Waingereza walikuwa Kenya, na Wajerumani walikuwa Tanganyika. Mwaka 1915 Cherry alirudi Afrika Mashariki akiwa askari. Kikosi chake kilikuwa na watu wa kila namna, wengi wao wenye umri mkubwa na waliozoea maisha ya porini. Mwezi wa Juni mwaka huo kikosi hicho kilikuwa miongoni mwa vile vilivyoushambulia mji wa Bukoba.

Katika kikosi hicho alikuwamo pia Frederick Selous. Huyu alikuwa mwindaji wa bunduki mwenye sifa kubwa. Selous aliuawa kwa risasi tarehe 4 Januari, 1917, mahali paitwapo Beho Beho, upande wa Mto Rufiji. Alikuwa na umri wa miaka 65. Kaburi lake liko huko huko, katika eneo ambalo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Vita hiyo haikuwa ya Waafrika, lakini Waafrika ndio walioteseka zaidi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi. Cherry alinusurika na kurudi kwao.

9. Kisiwa cha pengwini

Mwaka 1922 Cherry alimwoa Ada Forrest, mwimbaji kutoka Afrika Kusini. Baadaye mume na mke walikwenda kukaa katika kisiwa cha Dassen, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Walikwenda kuwatazama pengwini. Pengwini ni ndege mwenye rangi nyeusi na nyeupe. Haruki, ila huogelea vizuri sana. Akiwa nchi kavu hutembea wima kama mtu.

Walikaa huko miezi kadhaa. Waliona jinsi ndege hao wanavyochimba mashimo ya kutagia, jinsi baba na mama wanavyopokezana kuatamia, na jinsi wanavyolisha makinda. Kisiwa kilikuwa kimejaa ndege. Mwaka 1930 Cherry alitoa kitabu juu ya maisha yao, na watu wengi walikisoma.

Lakini wakati ule watu walikuwa wakikusanya mayai ya pengwini kwa wingi na kuyauza. Baadaye samaki wao pia walivuliwa mno. Wakazidi kupungua. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba pengwini wa Afrika wako katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Picha za Cherry zinaonyesha kisiwa kilivyojaa zamani. Picha hizo ni ushahidi. Lakini picha haitagi mayai.

10. Mwisho wa maisha yao

Richard alifariki mwaka 1928. Cherry aliishi miaka 12 zaidi. Aliendelea kuandika vitabu, kutoa mihadhara na kuzungumza na watoto katika redio.

Tarehe 27 Septemba, 1940, alikwenda katika jengo la redio la BBC mjini London kwa ajili ya kipindi cha watoto. Wakati huo ndege za Ujerumani zilikuwa zikiupiga mji huo mabomu karibu kila usiku. Alimaliza kazi yake, akatoka nje ya jengo, akaanguka akafa. Alikuwa na umri wa miaka 69.

Huko kwao hawakuwasahau. Katika kijiji cha Muker, kwenye jengo la shule waliyosoma, yamewekwa mawe yenye majina ya ndugu hao wawili. Mwaka 1954 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalinda ndege, na ule mchezo wa kukusanya mayai ukawa kosa. Sheria hiyo haikuletwa na ndugu hawa peke yao. Lakini wao walikuwa wameonyesha kwa vitendo kwamba ndege aweza kujulikana bila kuuawa.

11. Sisi tunaweza kufanya nini

Huenda msomaji akasema kwamba yeye hana kamera. Ni kweli. Lakini Richard alianza kuwajua ndege kabla ya kuwa na kamera. Alikuwa na macho, masikio na subira. Mtu anayejua kuandika ana kitu kimoja zaidi, yaani daftari.

Ukimwona ndege usiyemjua, tazama mambo matano. Kwanza, ukubwa wake. Je, ni sawa na kuku, njiwa, au mdogo kuliko njiwa? Pili, mdomo wake. Mdomo mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu. Mdomo mwembamba ni wa kudonoa wadudu. Mdomo uliopinda kama ndoana ni wa kurarua nyama. Tatu, rangi ya kichwa, kifua, mabawa na mkia. Nne, mlio wake. Tano, mahali ulipomwona na kazi aliyokuwa akifanya. Andika yote hayo pamoja na tarehe. Andika pia jina lake kwa lugha ya kwenu. Waulize wazee, maana wao wanajua majina mengi ambayo vijana wameanza kuyasahau.

Kazi hii si mchezo tu. Ina faida kwa mkulima. Kwelea kwelea hula nafaka, na hapana budi tuamie mashamba yetu. Lakini si kila ndege mdogo ni kwelea. Wengine hula wadudu wanaoharibu mazao. Bundi, ambaye watu wengi humwogopa na kumpiga mawe, hula panya. Tai hula mizoga na kusafisha mazingira. Mtu asiyewatofautisha ndege huweza kumwua mlinzi wa shamba lake akidhani amemwua mwizi.

Basi, ndugu msomaji, kesho utakapokwenda shambani, simama kidogo. Chagua ndege mmoja tu. Mtazame mpaka aruke. Kisha fungua daftari lako uandike ulichokiona.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Kwa nini zamani watu wa Uingereza walikusanya mayai ya ndege? Jambo hilo lilileta madhara gani?
2. Richard alikuwa kilema. Ni maarifa gani yaliyompatia kazi London?
3. Picha ya mwaka 1892 ilibadilisha nini katika kazi ya ndugu hao?
4. Kwa nini waliona ni lazima kujificha wanapompiga picha ndege? Toeni sababu mbili.
5. Linganisheni uwindaji wa Roosevelt na uwindaji wa Cherry Kearton.
6. Tajeni ndege kumi wa kijijini kwenu kwa lugha zenu. Ni wepi wanaokula nafaka? Ni wepi wanaokula wadudu au panya?
7. Je, wako ndege waliokuwa wengi kijijini kwenu zamani na sasa hawaonekani? Waulizeni wazee, kisha andikeni majibu yao.